Upana wa Laga

Msafiri atokaye Wajir kwenda Mandera, akiisha kupita Kutulo na kuingia Elwak, huvuka laga nyingi bila ya kujua kwamba amezivuka, kwa kuwa siku nyingi za mwaka laga si kitu ila mkanda wa mchanga baina ya migunga, mahali ambapo watu huchimba maji ya kunywesha ngamia; na daraja lililo juu yake, au kalvati, au ile sakafu ya zege iitwayo drifti, ambayo maji huachiwa yapite juu yake, humwonekea kama kazi iliyofanywa pasipo haja. Walakini mvua za gu zikishuka mwezi wa Aprili, au zile za deyr kuanzia Oktoba, tena aghalabu zimeshuka mbali ambako yeye hakuliona hata wingu, mkanda ule hugeuka mto wenye ghadhabu kwa muda wa saa chache, ukabeba magogo na mizoga, kisha ukanyamaza. Daraja la nchi hii hujengwa kwa ajili ya saa hizo chache, na mtu alipimaye kwa siku za ukavu hulipima kwa mizani isiyo yake.

Watu wengi hudhani kwamba daraja huzeeka kwa juu, yaani kwa mashimo ya njiani, na kingo zilizogongwa na malori, na nyufa ambazo kila mwenye macho huziona. Hayo ni maradhi ya kweli, lakini madaraja mengi duniani huuawa kwa chini. Maji yaendayo kasi yakikutana na nguzo hayana pa kwenda, basi sehemu yake huzama kuelekea msingini, yakajisokota, na katika kujisokota huko yakauchimbua mchanga unaoishika nguzo. Kasi ya maji ikizidi mara mbili, msukumo wake huzidi mara nne, na uzito wa jiwe ambalo maji yaweza kulisukuma, kwa hisabu ya wahandisi wa mito, huzidi takriban mara 64. Ndiyo maana laga ambayo jana haikuweza kusogeza changarawe, leo huviringisha mawe.

Na hapa ipo hila ya mchanga ambayo natamani kila msimamizi wa barabara aifahamu. Mafuriko yanapopungua, shimo lililochimbwa kando ya nguzo hujazwa tena na mchanga ule ule yalioubeba maji, hata mkaguzi akija mwezi wa Januari, katika ukavu wa jilaal, hukuta sakafu iliyo sawa kama uwanja, akaandika kwamba msingi u salama, ilhali mchanga uliorudi ni mlegevu, usioshika kitu, na nguzo imesimama kwa kudra tu. Dawa yake si ghali. Kabla ya mvua huzikwa mnyororo wa chuma, umesimama wima ndani ya mchanga. Mafuriko yakichimba, sehemu iliyofunuliwa hulala, kisha mchanga ukaifunika. Ukifukuliwa baadaye, pale ulipopindia ndipo mwisho wa kina cha shimo. Mnyororo huo husema yale ambayo jicho la mkaguzi haliwezi kuyaona.

Asidhani msomaji kwamba taksiri hii ni ya nchi maskini peke yake. Tarehe 5 Aprili 1987, katika jimbo la New York huko Marekani, daraja la barabara kuu juu ya kijito cha Schoharie lilianguka wakati wa mafuriko, wakafa watu 10. Lilikuwa limetumika tangu miaka ya 1950. Ila misingi yake ilikuwa mifupi, na mawe yaliyowekwa kuilinda yalikuwa yamechukuliwa na maji kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, wala hayakurudishwa.

Elwak ina shida yake nyingine, iliyo ardhini. Nchi hii ina jasi nyingi, na maji yapitayo katika jasi hubeba salfeti, ambayo ikiingia ndani ya zege huungana na saruji na kuzaa kitu kipya kinachotaka nafasi kubwa zaidi. Kwa kuwa nafasi haipo, zege hupasuka kutoka ndani, kisha maji yakafuata ufa hata yakafika kwenye vyuma, navyo vikashika kutu. Kwa hiyo maji ya kisima cha hapa hayafai kumwagwa katika mchanganyiko mpaka yamepimwa, na saruji yenyewe yapasa iwe ile iliyotengenezwa kustahimili salfeti. Zege jipya nalo lataka kuloweshwa kwa siku saba kwa uchache, na katika joto hili laomba maji mengi, katika mji ambao jina lake lenyewe ni visima: el ni kisima, na Waq ni jina la kale la Mwenyezi Mungu kwa watu wa pande hizi. Mkandarasi anayetegemea kuteka katika visima vya mifugo atakuwa ameanza kazi kwa kuwadhulumu wale aliokuja kuwafaa. Bora achimbe bwawa lake mapema, lijazwe na mvua za msimu uliotangulia.

Sasa nije kwenye jambo nililokusudia hasa. Daraja lililochakaa likiondolewa, fikira ya kwanza ya wengi ni kuweka jingine la kadiri ile ile, ila lenye zege zito zaidi. Fikira hii ndiyo nataka kuipinga kwa nguvu zangu zote. Daraja la zamani mara nyingi lilikuwa fupi kuliko laga, na pengo lililobaki lilizibwa kwa tuta la udongo kila upande. Basi maji yaliyozoea kutandaa hulazimishwa kupita mlango mmoja mwembamba, kasi ikazidi, na kule kuchimbua nilikokueleza kukazidi pamoja nayo. Magogo ya migunga nayo huja kukwama katika mlango ule ule, maji yakapanda, yakalizunguka daraja na kulikata tuta. Ukiongeza uzito wa nguzo bila ya kuongeza urefu wa daraja, umelitia nguvu lile ambalo maji hayakulishindania.

Mombasa imekwisha kujifunza jambo hili kwa bahari. Tuta la Makupa, lililojengwa zama za ukoloni kuunganisha kisiwa na bara, liliyazuia maji ya kupwa na kujaa yasipite baina ya mikono miwili ya bahari. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja mahali pake, maji yakapata njia. Huku kwetu, Aprili 2024, njia ya Garissa ilikatika karibu na Madogo, si kwa kuvunjika daraja la Tana, bali kwa barabara iliyo kando yake kuzama. Watu wakavushwa kwa mashua, na mashua moja ikapinduka wakafa watu. Daraja lasimama, njia ya kulifikia haipo: kwa mama mwenye uchungu wa uzazi anayepelekwa hospitali, hilo ni sawa na daraja lililoanguka.

Barabara ya Isiolo hadi Mandera, takriban kilomita 740, sasa imo katika mpango mkubwa ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 750 mwaka 2020, na hii ni fursa ambayo pande hizi zimeingoja tangu kabla ya uhuru. Lakini laga nyingi hazina kipimo cha maji cha miaka mingi, na muhandisi aketiye Nairobi na ramani hawezi kukisia mafuriko ya miaka 100 kwa kutazama karatasi. Aliyeyaona ni mchungaji mzee aliyechunga hapa mwaka ule wa mafuriko ya 1997, ambaye ajua mgunga upi ulibaki na takataka matawini maji yalipokwisha. Muhandisi aende basi naye mpaka chini ya mti huo, na utepe wa kupimia mkononi, apime kutoka tawini hadi mchangani, kisha avuke laga na kuutafuta mti wa ng'ambo, na nafasi iliyo baina ya miti hiyo miwili aiandike kuwa urefu wa daraja.