Jiwe Gumu, Rangi Nyepesi

Shika kipande cha amethisto kilichong'arishwa, kile cha pande sita chenye ncha, ukiinulie kwenye mwanga wa dirisha. Utaona zambarau haikuenea sawasawa. Imejaa nchani, inapungua kadiri unavyoshuka, na mara nyingi kitako ni cheupe chenye ukungu. Ukitazama vizuri zaidi kuna mikanda hafifu ndani, mmoja umekolea, unaofuata umepauka, yote ikifuata umbo la ncha. Mnunuzi asiyezoea hudhani ni kasoro. Mimi jiwe lililokolea sawasawa kutoka juu hadi chini ndilo hunitia wasiwasi.

Amethisto ni kwatzi, yaani silikoni na oksijeni, sawa na sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida. Kwatzi safi haina rangi. Kwa hiyo lazima pawe na kitu cha ziada, na katika karne ya 19 kila mwanakemia alikuwa na mtuhumiwa wake: huyu alisema manganizi, yule chuma, mwingine akataja mabaki ya viumbe. Kilichowachanganya ni moto. Lipashe jiwe joto la kutosha na zambarau inatoweka, lakini jiwe lenyewe linabaki zima, gumu vilevile, bila moshi wala masizi.

Mwaka 1906 mwanakemia Mfaransa Marcellin Berthelot, akiwa amebakiza takriban mwaka mmoja wa kuishi, alichukua amethisto zilizokwisha kupaushwa kwa moto akaziweka karibu na radiamu, elementi iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Zambarau ikarudi. Hakuongeza kitu ndani ya jiwe. Aliliweka tu jirani na miale ya radiamu. Mwaka 1925 Edward Holden wa Marekani alichapisha utafiti mrefu uliokielekezea kidole chuma, na kazi za baadaye zikaunganisha mambo hayo mawili: chuma peke yake hakitoshi, na miale peke yake haitoshi.

Mambo huenda hivi. Fuwele inapokua, atomu chache za chuma hujipenyeza mahali ambapo silikoni ilipaswa kukaa. Ni chache mno, pengine makumi machache katika kila atomu milioni, na kwa wakati huo jiwe bado halina zambarau. Kisha miale ya gama kutoka kwenye miamba inayolizunguka hupita ndani yake kwa mamilioni ya miaka na kung'oa elektroni moja moja. Chuma kilichopokonywa elektroni hubadili tabia yake mbele ya mwanga: humeza kijani na manjano, na kinachobaki kufika machoni petu ni zambarau. Joto hufanya kinyume chake. Huzitikisa elektroni zilizokuwa zimekwama kwingine, zikarudi kwenye viti vyake, na onyesho likaisha.

Sehemu kubwa ya miale hiyo hutoka kwa potasiamu 40, aina ya potasiamu yenye mnururisho ambayo nusu yake huchukua miaka bilioni 1.25 kwisha. Usishtuke kusikia mnururisho. Potasiamu hiyohiyo imo kwenye ndizi, na imo mwilini mwako, ambamo atomu elfu nne hivi huvunjika kila sekunde. Jiwe lenyewe halitoi miale. Lilipigwa tu nayo. Mkufu wa amethisto unaweza kuuvaa hadi uzeeni.

Ile rangi iliyojaa nchani nayo ina maelezo. Chuma huingia kwa urahisi zaidi kupitia nyuso zilizoinama za ncha kuliko pande zilizosimama wima. Maji yaliyolisha jiwe yalipoleta chuma kingi, mkanda ukakolea. Yalipopungukiwa, mkanda ukapauka. Katika Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazili, na ng'ambo ya mpaka huko Artigas, Uruguay, fuwele hizi zimefunika kuta za mashimo yaliyoachwa na mapovu ya gesi katika lava iliyomwagika miaka milioni 130 na ushee iliyopita. Mengine ni makubwa kiasi cha mtu kusimama ndani. Karibu zaidi nasi kuna Zambia, ambako machimbo ya Mapatizya hutoa amethisto iliyokolea sana, inayopendwa na wakataji vito.

Sasa kuhusu kung'arisha. Fundi husugua kwa unga mkali wa kabaidi ya silikoni, akipunguza ukubwa wa chembe hatua kwa hatua, kisha humalizia kwa oksidi ya seriamu mpaka uso ung'ae. Jiwe hupendeza, sikatai, na ndani huonekana wazi kuliko awali. Lakini ushahidi wa juu hupotea. Mwaka 1669 Nicolas Steno alionyesha kwamba pembe kati ya nyuso za kwatzi hazibadiliki, fuwele iwe kubwa au ndogo, nyoofu au iliyopindapinda. Fundi mwenye haraka haheshimu pembe hizo. Ndiyo maana mkusanyaji wa madini hupima, hutafuta michirizi midogo ya kukua kwenye nyuso, na asipoiona hushusha bei. Anayetaka pambo la mezani hana sababu ya kujali hayo. Anayelipia bei ya fuwele ya asili, anayo.

Kusugua huko hufanywa kwa maji, na si kwa ajili ya kulipoza jiwe tu. Vumbi kavu la kwatzi likiingia mapafuni halitoki, na huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ambao wachimbaji wetu wadogo wanaujua vizuri kuliko madaktari wengi wa mjini. Fundi anayesaga kavu bila barakoa ya maana anauza mapafu yake pamoja na jiwe.

Kwa mwenye nalo nyumbani, ugumu wa amethisto ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, hivyo kisu cha kawaida hakiichubui. Rangi ndiyo dhaifu. Baadhi ya mawe hupauka yakiachwa juani kwa muda mrefu, kwa hiyo kizingiti cha dirisha si mahali pake, na fundi wa pete aliondoe jiwe kabla ya kuwasha mwenge wa kulehemu.

Moto huo wafanyabiashara wameugeuza mtaji. Wanaouza tanzanaiti Arusha hawatashangaa: jiwe lao nalo kwa kawaida hutoka Mirerani likiwa na rangi ya kahawia, likaingia kwenye tanuri la nyuzi 500 hivi ndipo likatoka na bluu. Amethisto ikipata joto la karibu na hilo, chuma chake hugeuka chembe ndogo za oksidi na jiwe huwa la manjano au rangi ya machungwa, likauzwa kwa jina la sitrini. Sitrini ya asili ni adimu na kwa kawaida ina manjano iliyopoa. Ukiletewa fungu la ncha fupi zilizoshikana, rangi ya chungwa bivu juu na kitako cheupe kama chokaa, muulize muuzaji limetoka tanuri gani.