Kaikor: Kwa Kampuni ya Safari au kwa Gari Lako?

Mgeni anayekwenda Wyoming, Marekani, kuwinda elki, kulungu wakubwa wa milimani, haruhusiwi kuingia peke yake katika mapori yaliyotengwa kisheria. Sharti awe na kiongozi mwenye leseni au mkazi wa jimbo hilo. Tanzania nayo haimwachi mtalii awinde bila mwindaji bingwa ubavuni. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo anayefunga safari ya Turkana Kaskazini hubeba kamera na hema, akitaka kuiona Lokitaung alikofungwa Kenyatta na wenzake, au Nariokotome ilikofukuliwa mwaka 1984 mifupa ya kijana wa kale. Hakuna sheria inayomlazimisha kuchukua kiongozi. Uamuzi wa kwenda na kampuni ya safari au kwa gari lake ni wake, na wengi huufanya kwa kulinganisha bei tu.

Lami ya kutoka Kitale hadi Lodwar na kuendelea Kakuma imewadanganya wengi. Ukiiacha kuelekea Kaikor, huko Turkana Kaskazini, utakutana na mchanga, changarawe na laga, yaani mikondo ya mito ya msimu, na safari huhesabiwa kwa saa wala si kwa kilomita. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi hadi karibu nusu, na ubebe pampu ya kuujaza tena. Land Cruiser iliyozoea lita 13 au 14 za dizeli kwa kilomita 100 inaweza kudai zaidi ya 20. Miiba ya mti wa mathenge haichagui tairi jipya wala kuukuu, kwa hiyo spea moja haitoshi. Maji nayo: mimi hupanga lita 10 kwa kila mtu kwa siku, nusu yake ya kunywa. Ni kweli mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi kuna hazina kubwa ya maji, lakini uchunguzi wa baadaye ulikuta yana chumvi, na hata yangekuwa matamu yasingemfaa aliyekwama juani.

Haya yote yanaweza kununuliwa Lodwar na mtu yeyote mwenye subira. Hema, mpishi na kiti cha kukunja si sababu ya kulipa kampuni. Kitu cha thamani katika ile bei ni gari la pili. Gari moja likivunjika springi au likizama lagani, mbele yako kuna masaa ya kusubiri, pengine usiku mzima, na sehemu nyingi simu haishiki. Kampuni inayokupa gari moja na dereva mmoja, hata iwe na picha nzuri namna gani, haijakuuzia usalama.

Kitu cha pili cha thamani ni habari. Kaikor iko karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Ethiopia, na wizi wa mifugo huko haujaisha. Njia iliyokuwa shwari jana huenda leo chifu akakukataza. Anayejua ni chifu mwenyewe, polisi, askari wa akiba na wachungaji. Ofisi iliyoko Nairobi huenda haijui zaidi yako. Kabla ya kulipa, muulize mwenye kampuni nani hasa atakaa kitini pembeni ya dereva, anatoka kijiji gani, na kama anazungumza Kiturkana. Akibabaika, tafuta mwingine.

Kumtegemea anayezijua njia si jambo jipya. Samuel Teleki, mwindaji tajiri kutoka Hungaria, alipoanza safari Pangani mwaka 1887 alikuwa na mamia ya wapagazi na bunduki tele, na bado alimwajiri Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia za bara. Ziwa Turkana walilifikia mwaka 1888. Lakini walipopita kwa Waturkana na Wapokot njaa iliwabana vibaya: wingi wa watu haukuwa wingi wa chakula.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayekwenda mara ya kwanza uko katikati. Ungana na rafiki mwenye gari la pili, umwajiri mwenyeji tangu Lodwar, piga ripoti polisi, na ulipie mapema uanachama wa uokoaji wa ndege wa AMREF, unaouzwa hata kwa mtu binafsi. Ukipanga kuingia kambi ya Kakuma, omba kibali kwanza katika idara ya wakimbizi. Kampuni inamfaa zaidi asiye na gari, au mwenye siku chache asiyeweza kupoteza mbili akitafuta dereva.

Ila usiende nayo kati ya Machi na Mei kabla ya kusoma mkataba. Mvua inaweza kunyesha mbali milimani usiione, laga ikajaa, na magari yote mawili yakakaa ng'ambo yakisubiri. Hizo siku za kusubiri, mafuta ya kurudi kwa njia ndefu na posho ya mwenyeji, nani anazilipa? Iandikwe.