Funga Meseji, Linda Doo

Cheki venye doo inasonga mtaani siku hizi. Manzi wa Umoja anaingia Gikosh asubuhi na mapema, anachagua viatu za kamera, anaziosha, anazipiga picha, anaziangusha Instagram. Msee wa Rongai anaziona, anaingia DM, wanashushiana bei hadi thao mbili na soo tatu, wanahamia WhatsApp, anapewa Till, analipa, anatuma skrinshoti, na jioni mzigo uko kwa mathree ya kwenda Rongai. Hawa wawili hawajawai patana. Jina, namba ya simu, mtaa, bei na pesa yenyewe, zote zimepita kwa hewa. Sasa kati ya hizo mameseji zote, gani ilikuwa imefungwa na gani ilikuwa wazi?

Wasee wengi hawawezi jibu hiyo swali, na naona hapo ndio shida imekaa. Tunajua bei ya bando, tunajua apu gani haikuli MB mob, lakini hatujui apu gani inafunga maneno yetu. Na pesa ya kijana wa Nairobi leo haiko kwa wallet, iko kwa meseji. Meseji ikishikwa, doo pia imeshikwa.

Hii kazi ya kufunga meseji inaitwa enkripsheni. Maneno yako yanageuzwa kuwa herufi na namba zenye hazisomeki, na ni mwenye ufunguo tu anaweza yarudisha venye yalikuwa. Kwa miaka mob kichwa ilikuwa inauma ju ya huo ufunguo: nitakupea aje na hatujawai onana, alafu njia yote imejaa wagondi? Mwaka wa 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Stanford huko Marekani walitoa jibu. Chukua hivi: unataka beshte yako wa Kisii akutumie mzigo na basi. Unampelekea kufuli yako ikiwa wazi, ufunguo unabaki nao keja. Anaweka kitu kwa sanduku, anabana hiyo kufuli, anapea makanga. Makanga hawezi fungua, dere hawezi, hata beshte yako mwenye alibana hawezi fungua tena. Ni wewe pekee. Kufuli unaweza gawia dunia nzima, ufunguo haupei mtu. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wa MIT wakapata hesabu ya kufanya hiyo idea ifanye kazi, na ndio inaitwa RSA hadi leo.

Ile kitu ilinishika nikisoma hii story ni venye malipo ya mtandaoni na meseji za siri zilizaliwa pamoja. Tarehe 11 Agosti 1994, msee mmoja wa Philadelphia alinunua CD ya Sting inaitwa Ten Summoner's Tales kwa dola 12.48 na pesa ya kutumiwa juu. Duka ilikuwa NetMarket, yenye iliendeshwa na vijana wa New Hampshire, na kiongozi wao Dan Kohn alikuwa na miaka 21 tu. Namba ya kadi ya huyo mnunuzi ilisafiri ikiwa imefungwa na programu inaitwa PGP. Na PGP haikuwa imeundwa ju ya biashara! Phil Zimmermann aliitoa 1991 ndio watu wa kawaida waandikiane barua pepe bila kusomwa na mtu. Serikali ya Marekani ilimchunguza karibu miaka 3, ju sheria yao ya kuuza vitu nje ilihesabu enkripsheni kali kwa kundi moja na silaha. Mapema 1996 wakaachana na yeye. Kwa hivyo msee akikuambia enkripsheni ni ya watu wako na mambo ya kuficha, mwambie hivi: ile programu ilipiganiwa ndio watu waongee kwa siri ndio ilibeba moja ya malipo ya kwanza kabisa ya intaneti yenye yalilindwa.

Baada ya hapo mambo ikaenda mbio. Netscape ikatoa SSL, ya kufunga njia kati yako na tovuti, mwaka wa 1995, ikabadilishwa jina ikaitwa TLS, na toleo lake la 1.3 lilitoka 2018. Ukiona https mbele ya anwani ya tovuti, hiyo ndio inafanya kazi. Lakini shika hii vizuri: https inakuambia njia imefungwa, haikuambii ni nani amekaa upande ule mwingine. Tangu Let's Encrypt ianze kupeana vyeti bure mwisho wa 2015, kila tovuti inaweza pata cheti, ya mkora pia. Ukitumiwa linki ya kushinda zawadi na inaitisha namba ya kadi, hiyo https si sababu ya kuamini. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi.

Turudi nyumbani. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wengi walikuwa na kabambe, hakuna intaneti, hakuna apu. Menyu ikawekwa ndani ya laini yenyewe, na laini ndio inabeba funguo. Ukidunga PIN kwa ile menyu, inafungwa hapo ndani ya SIM kabla itoke kwa simu. Watu hawaongei juu ya hiyo sana, lakini ndio imefanya mama mboga wa Kawangware atume pesa kwa simu ya bei ya chini kabisa miaka hizi zote. Ile meseji ya kuthibitisha yenye inarudi, ya "Confirmed", hiyo ni SMS ya kawaida. Haina ulinzi kama huo.

Na SMS ya kawaida, manze, ni dhaifu. Mwisho wa 2009, Karsten Nohl alionyesha mkutano wa wataalamu huko Berlin venye enkripsheni ya A5/1, yenye mitandao ya simu ya GSM ilikuwa inatumia, inaweza vunjwa na vifaa vya bei ya kawaida. Hiyo ni ulinzi wa hewani tu, kati ya simu yako na mlingoti. Ikifika mlingoti, SMS inafunguka na kampuni ya simu inaweza iona. Alafu kuna SS7, ule mfumo wa zamani wenye kampuni za simu za dunia yote zinatumia kuongea. 2017 huko Ujerumani, wakora walipitia hapo wakaelekeza kwao SMS za wateja wa O2-Telefónica, wakachukua zile namba za benki za kuthibitisha malipo, wakafagia akaunti. Wenye simu walikuwa nazo mkononi. Hawakuwa wamepoteza kitu, hawakuwa wameangusha laini.

Ndio maana nasema kama benki yako iko na njia ya kuthibitisha malipo ndani ya apu yao, tumia hiyo, SMS iachie wenye hawana njia nyingine.

Sasa WhatsApp. Aprili 2016 walimaliza kufunga mazungumzo yote kutoka simu hadi simu, na wanatumia Signal Protocol ya Moxie Marlinspike na Trevor Perrin. Utamu wake ni kwamba kila meseji inapata ufunguo wake. Mkora akibahatika kupata mmoja, hafungui zile zingine za jana na kesho. Ndio maana ukiongea bei, mahali pa kupeleka mzigo na Till na customer wako hapo, msee wa Wi-Fi ya bure ya CBD hawezi soma, na hata WhatsApp wenyewe hawawezi. Signal ni hivyo hivyo, na kwangu ndio ya kwanza ju haikusanyi mambo mob kukuhusu. Telegram ni tofauti, na hapa vijana wengi wanajidanganya: chati za kawaida za Telegram zinakaa kwa seva zao na wako na uwezo wa kuzifungua, grupu pia. Ni ile "secret chat" tu ndio imefungwa hadi mwisho, na lazima uianzishe mwenyewe. DM ya kawaida ya Instagram, usiihesabu kama imefungwa. Piga story ya luku huko, mambo ya pesa uhame.

Kuna pia mahali pamoja watu husahau: bekapu. Meseji zako zimefungwa zikisafiri, lakini kama bekapu ya WhatsApp inaenda Google au iCloud bila kufungwa, zile picha za kitambulisho ulituma mwenye keja ziko huko wazi. Tangu 2021 unaweza funga bekapu na neno la siri lako. Ingia mipangilio, washa. Dakika mbili.

Nataka nikae kidogo kwa hii story ya skrinshoti, ju inamaliza vijana wa biashara. Picha ya malipo si malipo. Inaweza tengenezwa kwa simu, na enkripsheni itaibeba salama kabisa hadi kwako ikiwa fake, ju kazi yake ni kuficha njiani, si kuchunguza ukweli. SMS ya uongo ni hivyo hivyo: imeandikwa vizuri, iko na jina na masaa na salio, lakini imetoka kwa namba ya mtu badala ya MPESA. Wewe mwenye unauza, usiangalie simu ya customer. Angalia salio la Till yako mwenyewe, au statement kwa apu, ndio uachilie kiatu. Customer akikuwa na haraka sana, akisema nduthi inangoja, hapo ndio pole pole inafaa zaidi. Na wewe mwenye unalipa, ile Hakikisha yenye inakuonyesha jina kabla pesa itoke, isome. PIN ikiitishwa kwa screen na hukuwa unalipa kitu, kata.

Mwisho wa njia kuna binadamu, na hapo hesabu zote za Stanford na MIT zinaisha nguvu. Wakora wa Nairobi hawavunji enkripsheni, hawana hiyo shida. Wanapiga simu na sauti tamu, wanasema wao ni kastoma kea, wanakuomba namba 6 zenye zimeingia saa hii. Ukizisoma, WhatsApp yako imehama kwa simu yao. Baada ya dakika kumi, grupu ya chama inaona meseji kutoka kwako: "Aki nitumie thao tatu, narudisha kesho." Hiyo meseji imefungwa vizuri sana, na imeandikwa na mwizi. Wanachama wanatuma ju wanakupenda. Kwa hivyo beshte akiomba doo kwa chati, mpigie usikie sauti yake kwanza. Na Safaricom wakitaka kukuongelesha wanatumia 0722 000 000. Hiyo tu. Hakuna mfanyakazi wa ukweli wa kampuni yoyote atakuuliza PIN, sasa ama milele.

Naandika hii ju naona pesa yenye inapotea hivi ni ya watu hawana ya kupoteza: ada ya koleji, stock ya wiki, doo ya keja. Teknolojia ya kuilinda iko kwa kila simu mtaani na ni ya bure. Kitu haiko ni mtu wa kutuambia.

Basi leo kabla ulale, fanya hivi. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa WhatsApp. Kama uko Safaricom, piga *100*100# ndio laini yako isibadilishwe na msee mwingine huko nje. SMS ya ukora ikiingia, itume 333 kabla uifute. Alafu chukua simu ya masa na ya buda yako, kaa na wao, wafanyie hivyo hivyo, na uwaambie wasisomee mtu namba 6 hata akijiita nani.