Je, Wajua? Kamera yako huzuia wekundu wa anga

Mawingu ya hidrojeni kati ya nyota hung'aa kwa wekundu wa nanomita 656. Kamera ya kawaida hupitisha takribani robo tu ya mwanga huo!

Kizuizi ni kichujio kilichobandikwa mbele ya kihisi ili nyuso na majani vitoke na rangi yake halisi. Ni kioo chembamba, chenye usamawati hafifu. Wapenzi wa nyota hufungua skrubu moja baada ya nyingine, hukitoa, kisha huweka kioo kingine kinachopitisha wekundu. Nafasi ikibaki tupu, fokasi ya kiotomatiki huharibika.

Tahadhari: kapasita ya flashi huweza kubaki na volti 300 hivi hata betri ikishatolewa. Fundi asiyejua hilo hurushwa na umeme.

Kioo kikishabadilishwa, picha za mchana hugeuka nyekundunyekundu mpaka urekebishe mizani ya rangi. Lakini usiku ni raha tupu: Tao la Barnard, utepe mwekundu unaoizunguka nusu ya kundinyota la Orion na usioonekana kwa macho, hujitokeza waziwazi.

Canon iliuza kamera ya nyota, EOS 20Da, mwaka 2005. Nikon ilitoa D810A mwaka 2015.