Pumu na Vumbi la Nyumbani

Watu wengi hudhani ya kuwa pumu huletwa na baridi peke yake, na wengine huogopa kwamba mgonjwa aweza kuwaambukiza jirani zake. Pumu haiambukizi. Wala baridi si sababu ya pekee: kwa wagonjwa wengi adui yumo nyumbani, tena kitandani.

Mwili una ulinzi wake dhidi ya vijidudu vya maradhi. Katika watu wengine ulinzi huo hukosea, ukapigana na kitu kisicho na madhara. Hali hii huitwa mzio. Mwaka 1906 daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliipa jina la kitaalamu, aleji.

Mtu wa namna hii mwenye pumu avutapo hewa yenye kitu hicho, njia zake za pumzi hubanwa, huvimba kwa ndani, na makohozi mazito huziziba. Ndipo kifua hulia kama filimbi. Shambulio likipita, uvimbe waweza kubaki. Kisha mafua, moshi au baridi kidogo tu huamsha shambulio jingine.

Katika vumbi la magodoro na mablanketi hukaa wadudu wasioonekana kwa macho, urefu wao kama theluthi ya milimita. Hula magamba ya ngozi yetu, na hustawi penye joto na unyevu, kama pwani. Kinyesi chao ndicho kinachodhuru. Vivyo hivyo mende, paka, ukungu wa kuta na chavua ya nyasi.

Basi yafaa kufua shuka na mablanketi kila juma kwa maji ya moto wa nyuzi 60, na kupangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, mgonjwa akiwa nje. Moshi wa kuni na wa tumbako usimfikie.

Dawa za kuvuta ni za namna mbili: moja hufungua pumzi upesi, nyingine hutuliza uvimbe polepole. Hii ya pili isiachwe bila shauri la daktari, hata mgonjwa ajionapo mzima. Wengi huiacha, na pumu huwarudia kwa nguvu.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo yake ikigeuka rangi, avute dawa ya kufungua pumzi na kupelekwa hospitali saa ile ile. Asingojewe kupambazuke, kwa maana pumu huua.