Jua Jina la Kitanda cha Nyanya Kabla ya Kukiuza

Wanunuzi wa vitu vya kale wanaopita hapa Bofu huanza kwa kuuliza vyuma chakavu, na huku jicho liko ndani ya nyumba. Jirani yangu aliwauzia "kitanda kibovu" kwa bei ya godoro. Mnunuzi aliipapasa miguu, akanyamaza, akalipa. Yeye alilijua jina lake, mwenye mali hakulijua. Kilikuwa samadari.

Samadari ni kitanda cha fahari, kirefu kutoka chini, miguu imekerezwa na ubao wa kichwani umetiwa nakshi. Vingi vililetwa na majahazi kutoka Bara Hindi. Vingine vina nguzo nne za kushikilia besera, yaani kitambaa kinachotandwa juu kama paa. Baada ya wiki yule mnunuzi alirudi kuulizia nguzo. Zilikuwa zimeshapikiwa pilau.

Viungo vya kitanda navyo vina majina, na bei hupatikana humo. Miguu ni matendegu. Mbao ndefu za ubavuni ni mifumbati, na zile fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo. Mnunuzi akisikia unasema "matendegu yote manne ni ya asili," atajua hazungumzi na mtoto.

Kiti cha enzi watu hukitaja ovyo. Siku hizi kila kiti chenye nakshi dukani huitwa hivyo. Chenyewe kina mgongo mrefu ulionyooka, mbao nyeusi, ususi wa uzi mgongoni na pa kukalia, na vipande vya mfupa au pembe ya ndovu vilivyopachikwa. Lamu na Siyu ndiko kulikosifika kwa viti hivi, na aliyekalishwa ni mgeni wa heshima.

Kasha ni sanduku la mbao nzito kama msaji, limepigiliwa misumari na mabamba ya shaba. Wafanyabiashara huliita sanduku la Zanzibar, ingawa mengi yalitoka India. Ndani, upande mmoja, huwa na kijisanduku, na mara nyingine droo ya siri chini yake. Kagua humo kwanza. Wazee waliweka dhahabu na hati za mashamba, na sisi watu wa Likoni twajua uzito wa hati.

Marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu, usikitupe kwa sababu ni kidogo.

Na kuna sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu chochote cha kuhamishika, kisichokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Hakitolewi nchini bila kibali. Pembe ya ndovu nayo haiuzwi kabisa. Kwa hivyo piga picha, vuka feri, uwaonyeshe watu wa makumbusho pale Fort Jesus kabla hujataja bei.