Taa ya Injini Imewaka: Pima Kwanza, Spea Baadaye

Leo tuweke mbolea na viuatilifu pembeni kidogo, tuongee habari za gari. Ukilima kibiashara, pikapu yako ni sehemu ya shamba. Ikigoma siku ya soko, nyanya zilizoiva hazina subira.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Pikapu yangu ni ya petroli, ya mwaka 2004, na imeshapita kilomita 300,000. Msimu uliopita natoka Ilula kwenda Iringa mjini na matenga 20 ya nyanya, ile taa ya njano yenye mchoro wa injini ikawaka. Barabarani gari linavuta vizuri, ila nikisimama linatetemeka. Fundi akachomeka mashine, ikatoa kodi P0171. Akaniambia, "Hii sensa ya oksijeni imekufa kaka, badilisha tu." Nikatoa shilingi 180,000. Siku ya nne taa ikarudi. Mwisho tukagundua mpira mdogo wa hewa nyuma ya injini umekauka na kupasuka. Bei yake shilingi 8,000! Na hapo nilishakosa siku mbili za soko.

Kosa lilikuwa wapi? Kodi P0171 maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli inayostahili. Haisemi sensa ni mbovu. Sensa ndiyo iliyoleta taarifa, na sisi tukamfukuza mleta taarifa. Ni sawa na majani ya nyanya kuwa njano: inaweza kuwa upungufu wa naitrojeni, maji kutuama au minyoo ya mizizi. Huwezi kukimbilia kumwaga urea kabla hujang'oa mche mmoja ukaangalia mizizi.

Kwa hiyo taa ikiwaka, fuata hatua hizi:

1. Angalia inawakaje. Ikiwa imetulia na gari liko kawaida, unaweza kufika uendako taratibu, kisha ulipime mapema. Ikiwa inawaka na kuzima-zima huku gari linamisi, punguza mwendo na usimame sehemu salama. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega, na masega ni ghali. Taa nyekundu ya oili, au geji ya joto ikipanda juu, hiyo ni habari nyingine: simama na uzime injini palepale.

2. Fanya ukaguzi wa bure. Pima oili na maji ya rejeta (injini ikiwa imepoa). Kaza kifuniko cha tangi la mafuta. Fungua chujio la hewa. Kwa vumbi la barabara zetu, mara nyingi utalikuta limeziba. Kunja mipira ya hewa kwa vidole uone kama ina nyufa. Kwa gari lenye kilomita nyingi, mipira na soketi za nyaya huchoka kabla ya vyuma.

3. Soma kodi, uiandike. Vipo vifaa vidogo vya kuchomeka chini ya usukani vinavyowasiliana na simu. Mkiwa kikundi, nunueni kimoja. Ila angalizo: baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayakubali vifaa hivi, hayo yanahitaji mashine ya fundi.

4. Usikubali kodi ifutwe kabla haijaandikwa. Kufuta kodi, au kuchomoa betri, kunaweza kupoteza pia kumbukumbu ya joto na mwendo wa injini wakati tatizo linatokea. Huo ndio ushahidi wako.

5. Mwombe fundi athibitishe. Kwa P0171, mwambie aangalie kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Ikiwa inaongeza sana gari likiwa limesimama, halafu inapungua ukikanyaga mafuta, shuku mpira unaovuta hewa. Ikiwa inaongezeka gari likiwa na mzigo, shuku pampu, chujio la mafuta, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Kodi nyingine utakazokutana nazo: P0301 ni silinda namba 1 inamisi. Hamishia koili yake silinda ya 2, kisha soma tena. Kodi ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Isipohama, angalia plagi na nozeli kabla ya kununua chochote. P0128 mara nyingi ni thamostati iliyokwama wazi, lakini anza na kiwango cha maji. P0420 inataja masega, ila hakikisha kwanza ekzosi haivuji na injini haimisi wala kula oili, maana hayo ndiyo yanayoua masega. Ukiweka mapya bila kutibu chanzo, nayo yatakufa.

Mafundi wazuri tunao wengi, na hawachukii kuulizwa. Swali lenyewe ni moja tu: "Fundi, umejuaje kuwa ni hii?" Akikuonyesha ufa au kipimo, toa hela kwa amani. Akikujibu "mashine imesema", mwambie apime tena. Mashine imesema pa kuanzia tu.

Daftari la shamba unalo. Ongeza ukurasa wa gari: tarehe, kilomita, kodi na kilichobadilishwa. Msimu ujao utakusaidia.

Kazi njema, na mavuno yafike sokoni salama.